Motokari ya Makayabo na Taa Zake za Nyuma

Katika nyumba yetu hapa Mudzi-Pela, motokari ni ya Mama, ingawa jina lililo kwenye karatasi ni la mume wangu. Mama, yaani mama mkwe wangu, ndiye aliyeilipa kwa samaki, kapu kwa kapu. Ni Toyota Carina ya zamani iliyotoka Japani, ikashushwa Mombasa, ikapita Kampala na kuingia Bunia ikiwa na usukani upande wa kulia, katika nchi ambayo watu huendesha kwa kushika mkono wa kuume. Kwa hiyo dereva wetu hukaa upande wa mfereji, na akitaka kupita lori humwuliza aliyekaa kushoto kama mbele ni peupe. Aliyekaa kushoto ni Mama. Kikwembe kimefungwa imara, mfuko wa pesa uko kati ya miguu, na neno lake ni moja kati ya mawili: "pita" au "ngoja." Mwanawe, mwalimu mzima wa sekondari, humtii.

Safari zao ni za Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko chini katika Bonde la Ufa, kwenye mita 600 na kitu. Njiani kuna Bogoro, kisha barabara huanza kujikunja ikiteremka ukingo wa bonde, na joto la ziwa hukupokea kabla hujaliona ziwa lenyewe. Huko Mama hununua kapiteni, tilapia na makayabo, samaki waliopasuliwa na kulazwa chumvini. Magunia hupakiwa nyuma kwenye kofri, kila mara upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia umejaa jeki, gurudumu la akiba na beseni lake jekundu la kuoshea samaki. Kisha wanapanda mlima kurudi sokoni.

Wakati wa mvua taabu ya njia hiyo ni matope. Wakati wa kiangazi, tangu Desemba hadi Februari, taabu ni vumbi. Udongo wetu ni mwekundu na laini. Lori moja likipita, aliye nyuma yake haoni hata mkono wa usukani wa pikipiki yake vizuri. Tena, tangu utawala wa dharura wa kijeshi ulipoanza Ituri mwezi wa Mei 2021, hakuna anayependa kukutwa na usiku njiani. Jua la huku karibu na ikweta huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza halichelewi kulifuata. Basi ikifika saa kumi na moja na nusu, barabara yote ya Bogoro inakimbilia nyumbani kwa pamoja: malori yenye abiria juu ya mizigo, pikipiki zenye madumu, baiskeli zenye makala, wote ndani ya vumbi lile lile na nuru ile ile inayokufa.

Katika saa hiyo ndipo walipogongwa. Mbele kulikuwa na kamba ya barieri. Mume wangu alikanyaga freni, motokari ikasimama, na kijana wa pikipiki aliyekuwa nyuma hakusimama. Goti lake lilichubuka, bampa yetu ikaingia ndani, na kioo chekundu cha taa ya kushoto kikavunjika vipande vipande. Watu walikusanyika wakitaka kumkemea. Yeye, huku akitetemeka, alimwambia Mama: "Mama, mulisimama gafula! Sikuona taa yenu hata moja."

Mama alimwosha goti kwa maji yake ya kunywa, akampa samaki wa kupeleka kwao, akawaomba watu watawanyike. Njia nzima mume wangu alisema kwa uchungu kwamba alikanyaga freni mapema, kwamba taa zilikuwa zinawaka, kwamba vijana wa pikipiki hawatazami mbele. Mama hakumjibu mpaka walipofika nyumbani na sisi sote tukawa tumewazunguka uani. "Mtoto yule alikuwa anatoka damu," alisema. "Mtu anayetoka damu hana haja ya kunidanganya. Hizo taa muzitengeneze. Nataka aliye nyuma yangu anione."

Kazi ikamwangukia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyesoma umeme katika shule ya ufundi na ambaye ndiye aliyetufungia paneli ya jua juu ya paa. Ni kijana wa mikono mizuri, asiyeogopa kufungua kitu alichofunga mwenzake. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, aliweka jiwe juu ya kanyagio la freni, akazunguka nyuma, akatazama. Taa ya kulia ilikuwa na ganda la vumbi. Aliifuta kwa kitambaa, ikang'aa. Ya kushoto, iliyobaki bila kioo, iliwaka kwa unyonge kama kaa lililofunikwa majivu. Akabadilisha ampuli, unyonge ukabaki vilevile. Basi akatoa hukumu ambayo watu wengi wangeitoa: ampuli za siku hizi ni dhaifu, mwanga hautoshi, tuongeze mwanga. Yote yaliyotupata baadaye yalizaliwa na hukumu hiyo.

Kwanza tulipata msiba wa beseni. Mafundi wa garaji walisema kioo cha taa ya Carina kingeagizwa Kampala na kingechukua muda. Shemeji alifungua kofri kutafuta spana, macho yake yakakutana na rangi ile ile aliyokuwa akiitamani. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Watoto wangu walilishika beseni pande mbili, baba yao mdogo akalikata kwa msumeno, akalainisha kipande juu ya mbabula, akakipinda kufuata umbo la taa, akakifunga kwa skrubu. Kwa mbali ungedhani kimetoka kiwandani.

Mama aliporudi aliitazama taa, akatazama ndani ya kofri, akaketi kwenye kigoda. Beseni lile lilinunuliwa wakati ndoa yetu ilipokuwa inatayarishwa. Ndani yake waliogeshwa samaki wa arusi yangu, na baadaye, kwa maji mengine na sabuni nyingi, wajukuu wake wote. Hakupiga kelele. Alimwuliza mwanawe swali moja tu: "Sasa inaonekana?"

Wakangoja giza, wakawasha. Haikuonekana. Plastiki ya beseni inatengenezwa iwe nzito ili ibebe mzigo, mwanga haipitishi. Kioo cha taa ni kitu kingine kabisa. Ni kiangavu, na kwa ndani kina mistari na vijiumbo vidogo vilivyopangwa kwa hesabu, vya kuutawanya mwanga wa ampuli ili aliye pembeni naye auone. Na mara nyingi kina sehemu inayorudisha mwanga wa gari la nyuma hata kama taa yenyewe imezimwa. Beseni likawa limekufa bure. Mpaka lilipopatikana jingine, samaki walioshwa ndani ya sufuria yangu ya fufu, na kila aliyeketi mezani alilijua jambo hilo kwa ulimi wake.

Baada ya beseni ikaja nuru nyeupe. Shemeji alishuka mjini, akarudi kutoka upande wa bulvari ya Libération na pakiti ya ampuli za LED nyeupe, zenye mwanga wa kuumiza macho. Mahali pa kipande cha beseni aliweka plastiki angavu aliyoikata kwenye chupa kubwa ya maji, akikusudia kuipaka rangi nyekundu baadaye. Alipowasha, taa ya kushoto ilimulika ukuta wa jirani mpaka kuku wakaamka. Ya kulia, yenye kioo chake chekundu, ikatoa wekundu uliopauka, hafifu kuliko ule wa ampuli ya zamani. Tulishangaa: ampuli ni zile zile, mbona moja inawaka na nyingine inafifia?

Sababu yake inafaa kujulikana na kila anayenunua ampuli hizo sokoni. Kioo chekundu hakiongezi wekundu wowote. Kazi yake ni kuzuia rangi nyingine zote na kuruhusu nyekundu tu ipite. Uzi wa ampuli ya kawaida unapopata moto hutoa nyekundu nyingi, kwa hiyo kioo kina cha kuruhusu. LED nyeupe ya kawaida hutengeneza weupe wake kwa buluu na manjano. Nyekundu ndani yake ni kidogo. Ukiiweka nyuma ya kioo chekundu, mwanga mwingi unabaki ndani. Anayetaka LED kwa taa za nyuma anunue zinazowaka nyekundu zenyewe. Hizo zina faida ya kweli: huwaka papo hapo, wakati uzi wa ampuli ya kawaida huhitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde kupata moto. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari la nyuma hupita zaidi ya mita 3 katika kitambo hicho, na mita 3 ni kimo cha watu wawili waliolala barabarani.

Hayo tuliyajua baadaye. Jioni ile mume wangu, akiwa na shemeji, aliondoka na motokari ilivyokuwa, kwenda kuchukua unga. Kwenye mteremko wa kutoka Mudzi-Pela, lori lililokuwa linamfuata kwa mbali ndani ya vumbi liliona nuru nyeupe mbele yake. Dereva wa lori alidhani kuna gari linamjia uso kwa uso. Akapiga honi ndefu, akakata kona kuukimbia uso usiokuwapo, na gurudumu lake la mbele likasimama ukingoni mwa mfereji. Juu ya mzigo walikuwa wameketi akina mama watokao shambani. Nikifikiri mfereji ule ulivyo na kina, moyo wangu hunienda mbio hadi leo.

Askari wa rulaji, yaani polisi wa barabarani, aliyesimama chini ya mteremko aliona yote. Aliisimamisha motokari, akazunguka nyuma, akamwita mume wangu na shemeji waje watazame pamoja naye. Akawaambia kwa upole kwamba taa za mbele ni nyeupe na za nyuma ni nyekundu, na kwamba nyeupe ya nyuma ni ya kurudi kinyumenyume na ya kuangazia namba ya gari tu. Sheria hiyo ni ya kimataifa. Imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilijiunga nao mwaka 1977. Na mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, tukapata sheria yetu ya barabarani inayotumika mpaka sasa. Askari aliwaamuru waitoe ampuli ile pale pale na kurudi nyumbani polepole huku shemeji akitembea nyuma na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu.

Shemeji alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, lakini hakuvunjika moyo. Sasa alitaka taa ya ukungu ya nyuma kama zilizoko kwenye magari ya Ulaya: nyekundu kali, ya kuwashwa wakati hewa ni nzito. Wazo lenyewe si baya. Vumbi letu la kiangazi lina haki ya kuhesabiwa kuwa ukungu. Ila kanuni za kimataifa zinataka taa hiyo ikae mbali na taa ya breki, zaidi ya sentimita 10, kwa sababu nguvu zake ni sawa na za breki na zikikaa karibu moja huimeza nyingine. Shemeji hakuwa na kanuni hizo mkononi. Alikuwa na taa nne za duara zilizotolewa kwenye lori bovu, zenye ampuli za wati 21, na aliziweka zote nne juu ya bampa, begani kwa bega na taa za zamani.

Alikosa waya. Nyumbani kwetu waya nzuri zilikuwa mahali pamoja tu, kati ya paneli ya jua na betri ya nyumba. Alizifungua mchana, akiamini kwamba atanunua nyingine kabla ya usiku. Usiku ukaja kwanza. Binti yangu mkubwa yuko finalisti, anajitayarisha kwa Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, na kila jioni meza ya chini ya taa ile ni yake. Alikuja uani na daftari lake la fizikia kifuani, akauliza mwanga umekwenda wapi. Hapakuwa na mtu wa kumjibu, kwa maana sote tulikuwa nyuma ya motokari tukingoja maajabu.

Shemeji aliwasha. Kwa kitambo kidogo ua wote ukawa mwekundu na watoto wakapiga vigelegele. Kisha ikatoka harufu ya mpira unaoungua, na vyote vikazima pamoja: taa mpya, taa za zamani, taa ya namba, hata mwanga wa saa na vipimo mbele ya dereva. Mume wangu alikimbia kufungua kichwa cha batri. Mama alimshika mtoto mdogo na kurudi naye nyuma, na sombe yangu ikaungua jikoni bila mtu wa kuikumbuka.

Ni binti yule wa daftari la fizikia aliyetufanyia hesabu, kwa mwanga wa mshumaa. Ampuli nne za wati 21 ni wati 84. Kwa batri ya volti 12, hizo ni amperi 7. Fizibu ya taa ndogo za usiku kwenye motokari yetu ni ya amperi 10, na tayari ilikuwa inalisha taa za mbele ndogo, za nyuma, ya namba na mwanga wa vipimo. Amperi 7 zikiingia juu ya hizo, fizibu inakatika, na ni vizuri ikatike. Isingekatika, waya ingeendelea kupata moto chini ya zulia, karibu na tangi la mafuta. Kwa kuwa zote hunywa kwenye fizibu moja, zote zilikufa pamoja.

Mama aliamuru kila kilichoongezwa kitolewe. Waya zikarudi kwenye paneli, binti akarudi mezani. Siku iliyofuata kioo cha Kampala kiliwasili, shemeji akakifunga, akarudisha ampuli za kawaida zenye nyuzi mbili. Alikuwa kimya. Jioni, giza likishaingia, aliwasha taa ndogo kama tunavyozitumia njiani, akaketi kwenye kiti cha dereva, akamwita binti yangu: "Simama nyuma, mama, uniambie."

Akakanyaga freni.

"Baba mdogo, ya kushoto inazima."

"Unataka kusema inawaka."

"Inazima. Ukiachia, inawaka kidogo. Ukikanyaga, inazima kabisa."

Shemeji akatoka, mume wangu akaketi mahali pake na kukanyaga. Tulisimama sote pale nyuma, Mama akiwa katikati, tukaiona taa ya kushoto ikifa kila mara mguu uliposhuka. Ndivyo alivyoona kijana wa pikipiki. Kulia kulikuwa na ganda la vumbi. Kushoto kulikuwa na nuru ndogo ambayo, wakati hasa wa kusimama, ilitoweka. Alisema kweli tupu pale barieri, goti lake likitoka damu.

Maelezo yake ni haya. Umeme hutoka kwenye batri kwa waya, hupita kwenye ampuli, kisha hurudi kwenye batri kupitia bati la gari. Njia hiyo ya kurudi mafundi wetu huiita masi. Masi ikikatika, umeme wa freni hutafuta njia nyingine ya kurudi: hupita uzi wa wati 21, ukaingia uzi wa wati 5 wa taa ndogo, ukaenda kurudi kupitia taa nyingine za gari. Mchana, taa ndogo zikiwa zimezimwa, hilo huleta mwanga wa kinyonge, na ndio ule shemeji aliouona kwa jiwe lake juu ya kanyagio. Usiku, taa ndogo zikiwa zinawaka, umeme husukuma kutoka pande zote mbili kwa nguvu sawa. Hakuna upande unaoshinda, hakuna kinachotembea, taa inakufa. Ampuli ya LED, taa ya lori, beseni la arusi, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kingeweza kuponya njia ya kurudi iliyokatika.

Wakainua zulia la kofri upande wa kushoto. Bolti ya masi ilikuwa imegeuka donge la kutu, na bati lililoizunguka lilimeguka kwa ukucha. Kwa miaka yote ya safari za Kasenyi, maji ya makayabo yalikuwa yakidondoka pale pale, na chumvi ikila chuma usiku na mchana. Mama aliinama, akagusa kutu, akaonja kidole. "Ni chumvi yangu," alisema. Kisha akageuka na kumshika shemeji begani, mbele yetu sote, kwa sababu kijana alikuwa amebeba lawama ya wiki nzima kwa kosa lililofanywa na samaki.

Matengenezo yalihitaji msasa, bolti mpya, kipande kifupi cha waya na grisi ya kuzuia kutu. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya beseni. Taa zote mbili sasa huzungumza kama zilivyofundishwa kiwandani: uzi wa wati 5 husema "nipo," na uzi wa wati 21 husema "nasimama." Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Sisi tulitafuta mwanga mwingi, na mwanga mwingi ulikuwa karibu kupeleka lori la watu mferejini na kutuchomea motokari. Aliye nyuma anahitaji tofauti kati ya maneno hayo mawili, kubwa kiasi cha kueleweka upesi ndani ya vumbi. Gari linalowaka sana muda wote limempokonya neno la pili.

Kwa ajili hiyo Mama alikubali nyongeza moja tu, na shemeji aliichagua vizuri: taa ya tatu ya breki, katikati, ndani ya kioo cha nyuma, iliyotolewa kwenye gari lililokufa garajini. Taa hiyo ina historia yake. Katika utafiti uliotoka mwaka 1974, mwanasaikolojia John Voevodsky alifunga taa ya onyo inayofanana nayo kwenye teksi 343 za San Francisco, na ajali za kugongwa kwa nyuma zikapungua kwa karibu asilimia 60. Marekani ikailazimisha kwa magari mapya ya abiria ya mwaka 1986. Baadaye, watu walipoizoea, faida yake ilipimwa tena na kuonekana kuwa kama asilimia 4. Bado ni watu wengi wanaofika nyumbani. Ina nguvu kwa sababu haina kazi nyingine. Ikiwaka, maana ni moja, na iko juu, mahali ambapo vumbi la magurudumu halijafika.

Makayabo sasa husafiri ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko, juu ya hema lililokunjwa. Beseni jipya ni la kijani, Mama aliichagua rangi hiyo makusudi. Na kabla ya kila safari mtu mmoja huketi mbele na mwingine husimama nyuma, kwa sababu katika motokari yote taa za nyuma ndizo pekee ambazo mwenyewe hawezi kuziona akiwa kazini. Zimewekwa kwa ajili ya mtu mwingine, na ni mtu mwingine tu anayeweza kushuhudia kama zinafanya kazi.

Mama amelichukua jambo hili mpaka sokoni. Safari nyingine samaki wake ni wengi na humbidi kukodi nafasi kwenye lori. Majuzi alimleta mwenye lori hadi uani kwetu, akamwita mjukuu wake asimame nyuma na kutaja anachoona. Kati ya taa zote za lori lile, iliyowaka ilikuwa moja. Mwenye lori alicheka, akasema likiharibika njiani ataweka matawi ya majani barabarani kama tunavyofanya sote huku. Mama hakucheka. Alimwambia majani ni ya gari lililokufa, linalotembea liwe na taa, na kwamba gunia lake halitapanda mpaka mtoto aseme ameziona. Shemeji alileta msasa na bolti. Lori liliondoka saa tisa likiwa na taa zote nyekundu nyuma, na tangu hapo akina mama wengine wa samaki wameanza kuuliza swali hilo hilo kabla ya kulipa nauli ya mzigo.